Posa ya binti yangu inakuja na mbege, nami ni mzee wa kanisa

Mshauri, Bwana Yesu asifiwe. Naomba unisome hadi mwisho, maana barua za namna hii huwa zinazama kwenye mistari ya Biblia na kutoibuka tena, na mimi mistari ninayo tele. Kinachonikosesha usingizi ni kata moja tu ya mbege, yaani kibuyu kimoja cha kunywea pombe yetu ya ndizi na ulezi.

Nina miaka 51, nauza vipuri vya magari Moshi mjini, ninaishi Pasua, kwetu ni Old Moshi. Binti yangu wa kwanza amepata mchumba, kijana wa Kibosho, Mkatoliki, mwenye adabu na kazi yake. Habari ya madhehebu sina neno nayo, wenyewe wameshaelewana. Wazazi wa kijana wametuma mshenga kwamba watakuja kuposa Jumamosi ya pili ya Desemba, wakati watu wameanza kupanda nyumbani mlimani, na watakuja na mbege kama ilivyo desturi. Mshenga aliuliza jambo moja tu, tena kwa heshima zote: "Mzee, siku hiyo kata atashika nani?"

Kwa asiyetoka huku, swali hilo linaweza kuonekana dogo. Kwenye ukoo wetu mbege ya posa si kinywaji cha kuwapoza wageni koo. Upande wa kijana wanaimimina, wanaonja wao kwanza ili ionekane haina kitu kibaya, kisha kata inapelekwa kwa baba wa binti. Akiinywa, amekubali. Hotuba, mahari, hata maombi ya kufungulia kikao, vyote vinakuja kuizunguka hiyo kata. Asipoinywa wageni wanaweza kula wakashiba, wakapiga na picha, lakini watarudi Kibosho wakijua wamekataliwa.

Mimi niliokoka mwaka 2009, na kanisa ninaloabudu ni la Kipentekoste, halitaki pombe hata ya kulambia. Hata Meza ya Bwana kwetu ni juisi ya zabibu. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka minane, na mara mbili tatu nimekaa kwenye kikao kilichomsimamisha mtu huduma kwa sababu alionekana na chupa. Nilipiga kura ya kumsimamisha. Naliandika hili ili usinionee huruma mapema.

Mchungaji wangu nilimweleza mapema. Akasema mbege ikiingia uani kwangu, niachie uzee wa kanisa kabla sijaachishwa. Usimwone mtu mkali asiye na sababu. Aliniuliza: "Ile inayomwagwa chini kabla ya kunywa, anamwagiwa nani?" Sikuwa na jibu, maana babu yangu nilimwona kwa macho yangu akimwaga penye masale, mmea wetu wa heshima, akiwataja wazee waliokufa mmoja mmoja. Baba hakufanya hivyo, alikuwa Mlutheri wa kawaida aliyemwomba Mungu kisha akanywa. Lakini huwezi kumwambia mchungaji kwamba desturi imebadilika wakati kata ni ileile.

Upande wa pili yupo baba mkubwa, mwenye miaka 83, naye hajambo kwa hoja. Anasema Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 wakaikuta mbege, na leo kanisa lipo na mbege ipo. Nikamtajia Mithali 20, kwamba mvinyo hudhihaki na kileo huleta ugomvi. Akanipeleka arusi ya Kana, Yesu alipogeuza maji kuwa divai. Amepiga hesabu yake: mabalasi sita, kila moja nzio mbili au tatu, hayo ni zaidi ya mapipa mawili ya lita 200, "na hapo watu walikuwa wameshakunywa ile ya mwanzo." Nikamjibu kama tulivyofundishwa, kwamba ilikuwa maji ya zabibu yasiyochacha. Mzee akacheka hadi akakohoa. Akaniambia nikasome tena maneno ya mkuu wa meza, kwamba watu huandaa divai njema kwanza, na wakishakunywa sana ndipo huleta iliyo dhaifu. Nani huacha kutofautisha juisi kwa sababu amekunywa sana? Nimesoma. Nadhani mzee ana haki, ingawa sijamwambia.

Nikaenda kwa Paulo, nikidhani nitapumzika. Efeso 5 inakataza kulewa. Kwa Timotheo, shemasi anatakiwa asiwe mtu wa kutumia mvinyo sana. Hilo neno "sana" limenitesa wiki nzima. Nikakimbilia Yeremia 35, sura niliyoitumia miaka yote kuwafundisha vijana: Warekabi waliwekewa vikombe vya divai ndani ya nyumba ya Bwana wakakataa. Safari hii nilipoisoma polepole nikaona kitu ambacho sijawahi kukifundisha. Walikataa kwa sababu baba yao Yonadabu aliwaagiza wasinywe, na Mungu akawasifu kwa kumtii baba yao. Sasa mimi baba yangu aliniagiza nini? Kabla hajafa aliniambia, "Watakapokuja kuwachukua wajukuu zangu, usiwaaibishe." Alijua kabisa nimeokoka.

Naongeza la mama, na hapo ndipo roho inaniuma. Mama yangu alikuwa mpishi wa mbege. Tumekua tukilala na harufu ya ndizi zilizochemshwa, kimea cha ulezi kimeanikwa mlangoni, magome ya msesewa, mti wa kutilia mbege uchungu, yamefungwa darini. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mauzo, na Jumapili alfajiri alihesabu pesa, akatoa ya sadaka, iliyobaki akaigawa: ada, chumvi, mafuta ya taa. Mimi na mdogo wangu tumesoma kwa mbege hadi kidato cha nne. Nilipomwambia ninafikiria kuikataa ya posa, hakugomba. Alisema, "Ukiikataa hiyo, mwanangu, ukatae na madaftari."

Nikajaribu ujanja. Nikamuuliza kama wakwe wanaweza kuleta mbege changa, ile iliyotiwa mso, uji wa kimea cha ulezi, siku hiyohiyo, ambayo ni tamu kama uji. Nilitaka nimwambie mchungaji kwamba ni kama togwa. Mama akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Nyalu, yale maji ya ndizi, imeshachacha kabla sijatia mso. Wewe ulikuwa unachochea kuni miaka yote ulikuwa unadhani napika nini?" Kuhusu kuweka soda badala yake, baba mkubwa alisema soda hupewa mtu yeyote aliyepita njiani.

Mpaka hapo pengine ungeniambia nichague kati ya kanisa na ukoo, na wengi wamechagua. Lakini yupo mdogo wangu.

Yeye alianza na bia akiwa kondakta, akaingia kwenye viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipokuwa vinauzwa kila kona kwa bei ya andazi. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017 tulishukuru kama watu waliofunguliwa gereza. Akahamia kwenye gongo. Sitasimulia yote. Mkewe aliondoka, tuliwahi kumwokota mferejini asubuhi tukidhani amekufa. Sasa ana miaka mitatu hajagusa kitu, anaishi na mama, anahudumia ng'ombe na migomba kihambani, shamba letu la ukoo. Posa itafanyika hapohapo nyumbani kwa mama, maana ndiko kwetu. Mapipa yatawekwa hatua ishirini kutoka kwenye kitanda chake.

Warumi 14 inasema ni vyema kutokunywa divai wala kutenda jambo lolote ambalo kwa hilo ndugu yako hukwazwa. Mstari huu kwetu tunausoma kila mara, na kila mara "ndugu" ni muumini fulani atakayeniona na kushangaa. Sijawahi kuusoma ndugu akiwa ndugu, mtoto wa mama yangu. Na niseme ukweli ambao sijausema madhabahuni: mimi pombe haikuwahi kunishinda. Nilikunywa kidogo ujanani, nikaacha kama mtu anavyoacha kuvaa shati. Ushuhuda wangu wa kuacha pombe unapigiwa makofi, wa mdogo wangu hakuna aliyewahi kumwomba autoe.

Wiki iliyopita nilipanda nyumbani nikamuuliza yeye mwenyewe. Nilitegemea aseme "kaka, usiruhusu", nami nipate sababu safi ya kuwapa wakwe na baba mkubwa. Aliendelea kukata majani ya ng'ombe, kisha akasema, "Leteni tu. Ila mniambie mapema, siku hiyo mnataka nikae wapi?" Sikumjibu. Hadi leo sijamjibu.

Baba mkubwa amejitolea kushika kata kwa niaba yangu. Mchungaji anaweza hata kulikubali hilo nikihakikisha sikugusa. Lakini kwetu anayeshikiwa kata ni baba aliyekufa au asiyejulikana alipo, na binti yangu, ambaye hajasema neno lolote katika haya yote, aliniuliza kwa simu kutoka Arusha: "Kwa hiyo wewe utakuwa umekaa wapi, baba?" Swali lilelile la baba yake mdogo, na hawajaongea.

Sasa naomba ushauri, mshauri. Nikishika kata nikanywa funda moja mbele ya watu wote, kisha nikaachia uzee wa kanisa kwa hiari bila kulalamika, nitakuwa nimemwasi Mungu au nimeasi utaratibu wa kanisa langu tu? Nikiwaomba wakwe waje bila mbege kwa ajili ya mdogo wangu, si nitakuwa nimemtangaza kuwa mlevi mbele ya ukoo mgeni, siku ambayo yeye amesimama kwa miguu yake? Na nikimwacha baba mkubwa ashike, je, hiyo ni busara au ni kunywa kwa mdomo wa mwenzangu?

Usiniambie niombe. Ninaomba.

Ukiweza, nijibu mapema. Mshenga amepiga simu mara tatu, na mara zote nimemwambia huku dukani mtandao unasumbua. Mtandao wetu ni mzima kabisa.

Mzee wa kanisa,
Pasua, Moshi