Abiria wa SGR wapelekwe kwenye mashamba ya zabibu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni tangu nirudi safari.

Mdogo wangu anasoma Genova, Italia, nilienda kumsalimia, sasa Jumamosi akanichukua asubuhi tukapanda treni kwenda Cinque Terre, jioni tukarudi. Ni vijiji vitano vimebanana kwenye majabali pembeni ya bahari, Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Zile nyumba za rangi rangi juu ya mwamba wengi mmeshaziona kwenye picha, kwahiyo sitazisimulia sana. Ila mimi nimekulia Hombolo kwenye zabibu, tulipofika Manarola wenzangu wote wanapiga picha bahari, mimi macho yameenda mlimani, kumbe mlima wote ule ni mashamba ya zabibu!

Jamani pale watu wanalima sehemu ambayo hata mbuzi angesita kupita. Wamejenga kuta za mawe matupu, hakuna saruji, jiwe juu ya jiwe, ngazi baada ya ngazi kutoka juu mpaka karibu na maji, na kila ngazi ina mistari michache tu ya mizabibu. Niliwakuta wazee wawili wanarudishia ukuta uliobomoka, mmoja anaokota jiwe, analigeuza geuza mkononi, analiweka, halikai, analitoa anatafuta lingine, sikumuona akiharakisha hata kidogo. Pembeni yao kuna reli moja nyembamba imepanda mteremko, ndo kitreni cha kushushia makreti wakati wa mavuno.

Juu ya Manarola, kijiji cha Groppo, wakulima wana ushirika wao wenye kiwanda cha mvinyo, zabibu zao wanapeleka hapo. Alafu wana mvinyo mtamu unaitwa Sciacchetrà, zabibu zikishavunwa wanazianika kivulini wiki kadhaa mpaka zisinyae ndo wanakamua, na chupa ndogo tu inauzwa zaidi ya yuro 30, piga hesabu ni zaidi ya elfu themanini za kwetu. Mgeni ameona shamba, ameona ukuta, anailipa hiyo hela bila kubishana.

Na mgeni kufika hapo hahangaiki. Ananunua kadi moja, inampa treni siku nzima kati ya vijiji vyote pamoja na njia za kutembea kwa miguu, na hela ya kadi inasaidia kutunza zile njia. Sio kwamba hawana shida, njia yao maarufu ya Via dell'Amore ilifungwa 2012 baada ya mawe kuporomoka na kujeruhi watalii, imekuja kufunguliwa 2024, na sasa unaingia kwa kubuku muda wako ili watu wasijazane. Kilichonishtua zaidi ni vijana kuacha kilimo. Shamba likitelekezwa ukuta unabomoka, udongo hauna wa kuushika, na ile mvua ya Oktoba 25, 2011 ilishusha matope na mawe mpaka katikati ya Vernazza na Monterosso, watu wakafa.

Sasa turudi Dodoma. Sisi zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, kitu ambacho wale hawana kabisa, wao ni mara moja. Toka 2024 tuna SGR, mtu anatoka Dar asubuhi na kabla ya saa sita mchana ameshashuka Dodoma. Akishuka anaenda wapi? Nyerere Square, kuku wa kuchoma, anarudi hotelini. Hombolo, Mpunguzi, Bihawana, Makutupora kote huko kuna mizabibu na hajui hata pa kuanzia, na mkulima naye bei ikianguka anaziacha zabibu zikaukie shambani, mwaka unaofuata anang'oa mizabibu anapanda kitu kingine au anauza kiwanja. Mimi majirani zangu wameshang'oa, inauma sana.

Ninachoomba sio kitu kikubwa. Jiji, shirika la reli na vyama vyetu vya ushirika wakae meza moja, Jumamosi za msimu wa mavuno kuwe na kosta inayosubiri treni ya asubuhi pale stesheni na kurudisha watu wawahi treni ya jioni. Tiketi iwe moja, bei iandikwe wazi, na sehemu ya hela ibaki kijijini itengeneze barabara ya vumbi na choo. Mgeni aingie shambani akate kishada mwenyewe, aone zinavyokamuliwa, aonje mvinyo wa hapa hapa, anunue kwa mkulima na sio kwa dalali. Idadi iwe na kikomo toka siku ya kwanza, tusisubiri mizabibu ikanyagwe ndo tuanze kuweka kamba.

Na hizo zabibu zinazokosa soko tujaribu kuzianika kivulini tukamue mvinyo mtamu, wataalamu wa utafiti wa zabibu tunao Makutupora hapo, waombwe watuoneshe namna.

Shamba langu liko Hombolo, ni heka mbili, choo kipo na kivuli cha mkwaju cha kukaa watu thelathini kipo. Niko tayari waanze na mimi msimu huu wa Agosti.

Mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma