Shukrani kwa kijana wa kafe ya intaneti, Kirumba

Mdogo wangu, jina lako sikuliuliza. Novemba 2010 nilikuja hapo Mwanza na mama, tumetoka Ukerewe kwa meli, kutafuta habari za kesi ya Ahmed Khalfan Ghailani kule New York. Kaka yetu alifia Nairobi Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, na Ghailani alikuwa mmoja wa walioshtakiwa kwa ulipuaji huo. Waliokufa Nairobi pekee walizidi 200.

Mama aliposikia mahakama imemtia Ghailani hatiani kwa kosa moja tu kati ya zaidi ya 280, miguu ilimwisha, akakaa sakafuni. Wateja wanakusubiri, wewe ukavuta kiti, ukamweleza taratibu: “Bibi, hilo moja linaweza kumfunga maisha.” Hukumdanganya, ulimwambia pia kwamba anaweza kupewa miaka 20 tu. Pesa ya muda ukakataa, na soda ukatununulia juu yake, jamani!

Januari 2011 Ghailani akahukumiwa kifungo cha maisha. Mama alisikia redioni, akanituma nikuletee sato wakavu. Nikakuta kafe imefungwa. Popote ulipo, asante sana. Salamu za mama unazo, na samaki unatudai, uje uchukue.