Subjuntivo tunayo hata sisi
Habari za jioni wanakikundi, nimeona wengi mmekwama kwenye subjuntivo ya Kihispania, yaani umbo la kitenzi la kitu unachokitaka, unachokitilia shaka au ambacho bado hakijatokea, na wengine mnataka kuiruka, jamani msiiruke, hii kitu tunayo tayari kwenye Kiswahili. Mtu anasema nataka uje, hasemi nataka unakuja, si ndio? Basi Mhispania naye anasema quiero que vengas, sio quiero que vienes. Na angalieni vizuri, sisi tunageuza a ya mwisho inakuwa e, unasoma, usome, na vitenzi vyao vya -ar vinafanya hivyohivyo, habla (anaongea) inakuwa hable, ila vya -er na -ir vinaenda kinyume, come (anakula) inakuwa coma. Panapotuchanganya ni kwenye kukanusha: creo que viene ni nadhani anakuja, kawaida tu, lakini sidhani kama anakuja ni no creo que venga, hapo Kiswahili hakitusaidii, inabidi kuzoea sikio. Cuando nayo, cuando llego ni kila nikifika, ila ukifika nipigie ni cuando llegues, llámame, kwa sababu bado hujafika. Kesho kila mtu atume voisi ya sentensi tatu zenye ojalá, yaani natumaini, nayo inafuatwa na subjuntivo, neno lenyewe asili yake Kiarabu.