Barua kwa Neema kuhusu uvimbe wa pafu la mdogo wake

Rafiki yangu Neema,

Salamu nyingi, na pole sana kwa kuuguza. Majibu ya mdogo wako, yanayosema ana saratani ya seli ndogo ya pafu, nimeyasoma kwa makini, na ninakuomba jambo moja: dawa za saratani zisianze kabla kile kipande cha nyama kilichotolewa kwenye njia ya hewa hakijasomwa upya na mwanapatholojia mwingine, yaani daktari anayechunguza nyama ya mwili kwa hadubini.

Kijana asiyevuta sigara, aliyekohoa damu kwa miaka kadhaa, akatibiwa pumu, kisha kifua kikuu ingawa makohozi hayakuwahi kuonyesha vimelea, hafanani na mgonjwa wa saratani ya seli ndogo, ambayo hukua kwa kasi na aghalabu huwapata wavutaji wa muda mrefu. Anafanana zaidi na mgonjwa wa kasinoidi, uvimbe adimu unaokua polepole, ambao ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya saratani za mapafu. Aliyemfanyia bronkoskopi, yaani kuchungulia njia ya hewa kwa mrija wenye kamera, ameandika kwamba aliona uvimbe mwekundu, laini kwa juu, uliovuja damu mara ulipoguswa, na maneno hayo ndiyo yaliyonishtua, kwa kuwa ndivyo kasinoidi inavyoonekana mara nyingi.

Maradhi haya mawili ni ya ukoo mmoja, hata rangi za maabara kama kromogranini na sinaptofisini huweza kushika kote kuwili. Kipande kikiwa kidogo, tena kikiwa kimeminywa na koleo, seli za kasinoidi husagika zikadhaniwa kuwa seli ndogo. Kinachoyatenganisha ni kuhesabu seli zinazogawanyika: katika milimita 2 za mraba, kasinoidi ya kawaida huwa nazo chini ya 2, ile isiyo ya kawaida hazizidi 10, ilhali seli ndogo hupita hapo kwa mbali. Kipimo cha Ki-67, kinachoonyesha ni sehemu gani ya seli zilizo katika harakati za kugawanyika, nacho huonyesha tofauti hiyo waziwazi. Majibu yenu hayataji chochote kati ya hivyo viwili.

Ikithibitika kuwa ni kasinoidi na haijasambaa, tiba yake ni upasuaji. Mara nyingine bingwa wa kifua hukata kipande cha bomba la hewa chenye uvimbe na kuziunga ncha zake, pafu likasalimika. Kwa aina ya kawaida, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baadaye, ingawa lazima wafuatiliwe kwa muda mrefu. Tibakemikali haiuwezi sana uvimbe huu, ndiyo maana naiogopa haraka hii.

Kesho waombe maabara slaidi, yaani vile vioo vyenye vipande vyembamba vya nyama, pamoja na vile vibonge vya nta vilivyohifadhi nyama yenyewe, bila kuona haya, kisha unipigie simu nikuelekeze pa kuvipeleka.

Wako akupendaye,
Rehema