Wekeni simu chini, mshikeni majeruhi

Mhariri,

Nimekuwa muuguzi wa idara ya dharura mpaka nilipostaafu, na naomba nafasi niseme jambo linaloniuma sana. Wanaoandika kuhusu kupotea kwa utu mara nyingi huwatupia lawama vijana. Mimi nimeona watu wa kila rika, wazee wenzangu wakiwamo, wakimzunguka mtu anayevuja damu, kila mmoja akinyanyua simu apate picha nzuri.

Huenda wanaopiga picha hawajui kinachotokea mwilini wakati huo. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Aliyekatika mshipa mkubwa anaweza kuishiwa damu mapema zaidi ya hapo, kabla gari la wagonjwa halijatokea. Kumzuia asife hakumhitaji daktari. Chukua kitambaa, hata shati lako, kandamiza jeraha kwa nguvu zako zote, wala usiachie kila mara ili kuchungulia. Aliyezimia na hapumui abonyezwe katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mikono miwili ya mpita njia inatosha, ila iwe mitupu.

Halafu kuna ndugu wa majeruhi. Kazini tulifundishwa namna ya kupeleka habari ya kifo: unamkaribisha mtu akae, unahakikisha ndiye, unamwambia wazi bila kuzungukazunguka, kisha hubanduki. Unabaki naye hata akikupigia kelele, hata akinyamaza. Nilimpokea mama mmoja ambaye hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia. Picha ya mwanawe ilikuwa imeshamfikia katika kundi la WhatsApp, uso umefunikwa, akamtambua kwa viatu. Alinionyesha simu, akaniuliza nani kaipiga. Sikuwa na jibu. Aliyeisambaza labda aliandika maneno ya pole chini yake na kujiona mwema. Mimi naita wizi: amemwibia mama yule haki ya kuambiwa na binadamu aliyeketi mbele yake.

Sheria zipo mahali pengine. Ujerumani, tangu 2021, kupiga picha inayomwanika marehemu kwa namna ya kumdhalilisha ni kosa la jinai. Ufaransa, anayeweza kumsaidia mtu aliye hatarini bila kujihatarisha, akaacha, anaweza kufungwa hadi miaka 5. Naziunga mkono, lakini hakimu hayupo barabarani damu inapomwagika.

Wala sikubali kwamba binadamu wa leo wamekuwa wanyama. Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani John Darley na Bibb Latané walionyesha kwamba mtu anayedhani wengine nao wanasikia kilio cha mgonjwa huchelewa kutoa msaada, kwa kuwa kila mmoja humtegea mwenzake. Lakini utafiti wa 2019, uliochunguza video za kamera za ulinzi kutoka Uingereza, Uholanzi na Afrika Kusini, ulikuta kwamba katika ugomvi tisa kati ya kumi hivi, mtu angalau mmoja aliingilia kusaidia. Ugomvi si ajali, najua. Hata hivyo utafiti huo unanipa sababu ya kuamini nilichokiona mwenyewe: akipiga magoti mmoja, wa pili hufuata.

Kwa hiyo ukifika mahali hapo, usipaze sauti kwa umati mzima. Mnyooshee mtu mmoja kidole: "Wewe mwenye shati jeupe, piga simu ya dharura." "Wewe dada, simamisha magari." Waliobaki waambie wageuke, wampe mgongo majeruhi, wamkinge na macho ya watu. Aliyeambiwa kazi yake kwa kawaida huifanya.

Nawe Mhariri nina ombi kwako. Chapisheni wazi kanuni yenu kuhusu picha za waliokufa: kwamba hamtoi uso, mwili wala nguo za marehemu kabla ya kuthibitisha kwamba familia imearifiwa na imeridhia. Na picha zinazoletwa kwenu na wapita njia mzikatae hata kama gazeti jingine limeshazitoa.

Muuguzi mstaafu