Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: pingili za mihogo zipimwe kwanza

Ndugu Mkurugenzi,

Msimu uliopita lori lilishusha pingili za mihogo kwenye uwanja wa shule kijijini kwetu. Tulipanga foleni, kila mtu akabeba mzigo wake, tukapanda. Shamba langu lilipendeza, halikuwa na batobato, ule ugonjwa wa mabaka kwenye majani, hata shina moja. Siku nilipong'oa mhogo wa kwanza kwa ajili ya futari nikaukata, ndani ulikuwa na madoa ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa. Wa pili vilevile. Haukufaa hata kwa makopa.

Aliyekuja kutazama aliniuliza nimepuliza dawa gani. Dawa ipi, ndugu yangu? Huu ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Unaletwa na virusi, na mhogo ulioambukizwa hauponi kwa kupuliziwa.

Kinachoniuma ni kwamba ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza hapa hapa mkoani Tanga. Mwaka 1936 H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, Usambara Mashariki, aliutenga na batobato, ambayo Mjerumani Warburg alikuwa ameshaiandika mwaka 1894 kutoka milima hiyo hiyo ya Usambara. Storey hakuona kuvu wala bakteria wa kumlaumu, lakini mhogo wenye afya ukiunganishwa na kipande cha mhogo mgonjwa, nao unaugua. Akasema ni virusi, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuviona kwa hadubini ya elektroni.

Vilipoonekana, vilikuwa nyuzi nyembamba zinazopindika, zenye urefu wa kama nanomita 650. Ukizipanga kichwa kwa mkia, zinatakiwa zaidi ya 1,500 kufikisha milimita moja. Ndani ya uzi mna RNA, yaani maelekezo ya urithi ya kirusi. Virusi vya batobato ni ukoo mwingine kabisa: maelekezo yao yako kwenye DNA, na chembe zake zimeungana mbili mbili kama pacha. Mwaka 2009 Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walionyesha kwamba virusi vya michirizi vilivyotoka pwani na vilivyotoka ukanda wa Ziwa Victoria vinatofautiana, na leo vinahesabiwa kuwa spishi mbili.

Mkulima atauliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu batobato hujitangaza: majani machanga yanajikunja, yana mabaka, hata mtoto anaujua mti mgonjwa. Michirizi hujificha. Umanjano wake hukaa kwenye majani ya chini yaliyokomaa, kando ya vishipa, na mara nyingi majani hayo yameshapukutika wakati wa kukata pingili. Mkaguzi akipita akitazama juu, ataandika shamba safi.

Halafu kuna nzi weupe. Ni kweli wanaeneza, lakini huyu mdudu hudumu na virusi hivi kwa muda mfupi, kwa hiyo hafiki navyo mbali. Anayefika navyo mbali ni lori.

Kwa hiyo naomba, kabla ya mgao ujao, sampuli za shamba mama, yaani shamba zinakokatwa pingili, zipelekwe kupimwa. Kituo cha Mikocheni cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kina maabara ya kazi hiyo. Gharama ikishindikana, basi angalau mashina kadhaa yang'olewe na mizizi ikatwe mbele ya wanakijiji. Tuambiwe pia pingili zimetoka shamba gani. Na tusipewe mbegu ya mhogo iitwayo Kiroba tukaambiwa imekwisha hiyo. Kiroba huvumilia ugonjwa, lakini inaweza kuwa na virusi ndani na nzi akavihamishia kwa jirani.

Shamba nimeling'oa lote na kulichoma, isipokuwa mashina kumi upande wa kisimani. Ukimtuma mtu, aje na kisu.

Mkulima wa mihogo, Tanga