Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji Kuhusu Rasimu ya Mpango wa Usafiri

Ndugu Mkurugenzi,

Rasimu ya mpango wa usafiri inaahidi kupunguza gesijoto za jiji (gesi zinazoongeza joto duniani), na papo hapo inatenga fungu lake kubwa kwa ajili ya kupanua barabara. Mambo hayo mawili hayapatani. Barabara ikipanuliwa, mwendo huwa mwepesi kwa muda, waliokuwa wakikwepa foleni huingia tena barabarani, makazi husogea mbali zaidi, na hatimaye foleni hurudi ikiwa na magari mengi kuliko awali. Houston, nchini Marekani, ilikamilisha upanuzi wa barabara kuu ya Katy Freeway mwaka 2008, na msongamano ukarudi vilevile.

Magari ya umeme, ambayo rasimu inayategemea mno, siyapingi. Hata hivyo, itachukua miaka mingi kabla hayajachukua nafasi ya yaliyopo, nayo huhitaji barabara na maegesho kama mengine. Safari fupi ndizo za kuanza nazo, kwa kuwa injini ikiwa bado baridi huchafua hewa zaidi kwa kila kilomita, na safari hizo ndizo ambazo wengi wangeweza kuzifanya kwa miguu au kwa baiskeli.

Watu hawaanzi kutembea kwa sababu tu ya mabango ya uhamasishaji (ambayo, naona, yametengewa ukurasa mzima). Hutembea pale njia isipokatika. Seville, nchini Hispania, haikuongeza kipande kimoja kimoja, bali ilijenga kwa miaka michache mtandao wa njia za baiskeli uliounganika, na waendesha baiskeli wakaongezeka mara kadhaa. Ghent, nchini Ubelgiji, iligawa jiji katika kanda mwaka 2017, hivi kwamba gari linalotoka kanda moja kwenda nyingine hulazimika kupitia barabara inayozunguka kanda hizo, ilhali baiskeli hupita moja kwa moja.

Kinachonisumbua zaidi ni kifungu kinacholazimisha kila jengo jipya kuwa na idadi ya chini ya maegesho. Kifungu hicho hutawanya majengo, huongeza gharama za nyumba hata kwa asiye na gari, na huamua kwa miongo kadhaa jinsi watu watakavyosafiri. Mexico City ilifuta sharti la namna hiyo mwaka 2017, ikaweka kikomo cha juu badala yake.

Naomba kifungu hicho kiondolewe kabla rasimu haijafika barazani, na fedha za upanuzi zitumike kwanza kujenga njia za waenda kwa miguu na vivuko vinavyounganisha makazi na shule, masoko na vituo vya mabasi.

Wako katika ujenzi wa jiji,
Mkazi